Anayefika Kwanza ni Jirani
Somo la robo hii kwa kamati za sharika na wafadhili wetu

Katika robo iliyopita sharika kadhaa zilituandikia kuomba fedha za mafunzo ya huduma ya kwanza. Kabla hatujagawa fedha hizo tumeona ni vema tujifunze pamoja jambo moja: kuongoza mafunzo ya waokoaji ni kazi ya namna gani? Serikali inacho chuo cha kazi hiyo. Nasi, kwa kipimo chetu kidogo, tunaifanya kila tunapoitisha semina, hata kama hatujiiti wakuu wa chuo.

Chuo cha Serikali na mvuvi wa Bukoba

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liliundwa kwa Sheria Na. 14 ya mwaka 2007. Kabla ya hapo vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya halmashauri. Sasa jeshi hilo liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na lina chuo chake Chogo, wilayani Handeni, mkoani Tanga.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Watu 19 walifariki na 24 wakanusurika. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alitumia kasia kusaidia kufungua mlango wa ndege. Alipojaribu kuwafikia marubani aliumia, akapoteza fahamu, akazindukia hospitali. Baadaye Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza kijana huyo aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na kupewa mafunzo.

Tutafakari agizo hilo. Moyo wa kusaidia mvuvi huyu alikuwa nao tayari, hakungoja kufundishwa. Mafunzo yanaongeza mambo mawili: mwokoaji arudi nyumbani mzima, na aliyeumia asiongezewe madhara na mkono unaomsaidia. Anayeongoza mafunzo hayo, awe mkuu wa chuo cha Serikali au katibu wa kamati ya usharika, ana kazi tatu.

Kazi ya kwanza: kuchagua wa kufundishwa

Hapa lazima tukiri kosa letu. Semina yetu ya kwanza ya huduma ya kwanza tuliifanya kwa siku tatu katika ukumbi wa usharika. Tuliwaalika wazee wa kanisa, viongozi wa kwaya na wajumbe wa kamati. Posho ililipwa, vyeti vikatolewa, picha ikapigwa. Miezi michache baadaye gari dogo lilipinduka barabarani, si mbali na ukumbi ule ule. Waliofika kwanza walikuwa vijana wa bodaboda na akina mama wauza ndizi. Walimvuta abiria mmoja kwa mikono na miguu, wakamlaza nyuma ya pikapu, wakamkimbiza hospitali. Aliishi, lakini hakutembea tena. Hatuwezi kusema kwamba waliombeba ndio sababu. Tunachojua ni kwamba hakuna aliyewahi kuwaonyesha njia nyingine ya kumbeba, nasi tulikuwa tumepata nafasi ya kuwaonyesha tukaitumia kwa watu wengine.

Mwalimu wa uokoaji huanza kwa kuuliza: ajali ikitokea hapa, nani atakuwa amesimama karibu? Mjini Kampala watafiti waliuliza swali hilo. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2009 walieleza jinsi walivyowafundisha watu 307 wasio wauguzi: polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa. Baada ya miezi 6 wengi wao walikuwa wameshatumia angalau stadi moja, hasa kuzuia damu. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2005 kuhusu huduma kwa majeruhi kabla ya hospitali, linawaweka wapita njia waliofundishwa kuwa ngazi ya kwanza ya huduma.

Sisi wa Arusha hatuhitaji kuelezwa sana. Tarehe 6 Mei 2017 basi la wanafunzi kutoka jijini kwetu lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu. Walifariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu walionusurika walihudumiwa pale pale na wageni Wamarekani wenye ujuzi wa tiba waliokuwa wakipita. Tarehe 24 Februari 2024, Kibaoni, Ngaramtoni, katika barabara ya Arusha kwenda Namanga, lori liliyagonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Barabara hizo tunapita kila siku. Haifai usalama wetu uwe kwamba labda mtaalamu atakuwa anapita.

Kazi ya pili: kurudia zoezi mpaka mikono ikumbuke

Miezi sita baada ya semina ile tuliwatembelea wahitimu wetu. Wengi waliweza kutaja hatua zote kwa mpangilio. Tulipowapa bendeji na kumlaza kijana chini, wachache tu waliweza kuifunga ikabana. Mihadhara ilikuwa imebaki kichwani bila kushuka mikononi.

Sasa tunafundisha kijiweni, saa za mchana abiria wanapokuwa wachache, kwa nusu siku tu, na tunarudi kila robo. Wanaofundisha ni wauguzi wetu pamoja na askari wa zimamoto wanapopata nafasi. Maneno ni machache, mazoezi ni mengi:

1. Tazama kwanza kama mahali ni salama kwako.
2. Piga simu: 114 kwa zimamoto na uokoaji, au 112 kwa polisi. Taja mahali kwa alama inayojulikana.
3. Damu ikitoka kwa nguvu, weka kitambaa safi, gandamiza kwa mkono bila kuachia. Usiweke majani, mafuta ya taa wala majivu.
4. Anayepumua lakini hana fahamu alazwe ubavu, isipokuwa ukihofia ameumia shingo au mgongo. Huyo asisogezwe ila pumzi ikizibwa au kukiwa na hatari, na kichwa kishikwe kilingane na mwili. Asipewe maji wala soda.
5. Usimvute majeruhi kwa mikono na miguu. Ikibidi kumhamisha, watu wanne au zaidi wamnyanyue kwa pamoja, mmoja akishika kichwa na shingo visiyumbe.
6. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno wala yai.

Kazi ya tatu: kumzuia mwokoaji asiwe majeruhi wa pili

Hii ndiyo ngumu kuliko zote, maana inaonekana kama kufundisha woga. Tarehe 12 Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na mafuriko eneo la Muriet, jijini Arusha. Watoto walipoteza maisha, na pamoja nao mtu aliyejitosa kuwaokoa. Tunamheshimu ndugu huyo. Heshima ya kweli kwake ni kumfundisha atakayefuata atupe kamba, au dumu tupu lililofungwa kamba, kabla ya kufikiria kuingia mwenyewe kwenye maji yanayokwenda kasi. Wakazi wa kando ya Themi, Naura na Ngarenaro wanajua kwamba mvua inaweza kunyesha juu Mlima Meru huku mjini jua linawaka, na maji yakashuka ghafla.

Vivyo hivyo kwa moto. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikusanyika, wengi wakichota mafuta, na lilipolipuka zaidi ya watu 100 walifariki. Anayefika kwanza kwenye lori la mafuta kazi yake ni moja: kuwaondoa watu na kuwaweka mbali.

Mnaukumbuka mfano wa Msamaria Mwema. Mara nyingi tunahubiri huruma yake tu. Tuangalie pia kwamba alikuwa na mafuta na divai, alijua kufunga jeraha, alikuwa na mnyama wa kumbebea majeruhi na fedha ya kumlipia nyumba ya wageni. Huruma yake ilikuwa na vifaa.

Tunaomba nini

Kwa kamati za sharika: maombi yenu ya fedha yaonyeshe orodha ya watu wanaoshinda barabarani, sokoni na mtoni, wawe wa dhehebu letu au la. Mtajeni mtu atakayetunza mfuko wa huduma ya kwanza, wenye glavu, bendeji, vitambaa vya pembetatu, blanketi na kamba. Shirikianeni na ofisi ya kata, kwani Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa.

Kwa wafadhili wetu: msituulize tena tumetoa vyeti vingapi. Tuulizeni wangapi bado wanaweza kufunga bendeji baada ya miezi 6. Mkuu wa chuo cha waokoaji hapimwi siku ya gwaride la kuhitimu. Hupimwa siku ya ajali, mahali ambapo yeye hayupo, kwa mikono ya wale aliowafundisha. Nasi tunaomba mtupime hivyo.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ajali ya mwisho katika eneo letu ilitokea wapi, na nani alifika kwanza? Je, amewahi kufundishwa?
2. Kati ya waliohudhuria mafunzo yetu, nani anaweza leo kusimama mbele yetu na kuonyesha jinsi ya kuzuia damu?
3. Mvua kubwa zikija, ni kivuko gani ambacho watoto wetu hawapaswi kupita, na nani atasimama hapo kuwazuia?