Kengele za Kugundua Wezi

Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Katika uwanda huo kiangazi ni majira ya mavuno, na usiku wake huwa wa baridi kali. Watu hufunga milango mapema na kujifunika mablanketi mazito. Wakati huo ghala limejaa mahindi, naye mwizi anajua hivyo. Mahindi hayo ni chakula cha mwaka mzima, ni mbegu ya msimu ujao, na ni fedha za sare na madaftari. Yakiibwa, jasho la mwaka limepotea kwa usiku mmoja.

Katika masomo yaliyopita tulijifunza habari za saketi na sumaku ya umeme. Leo tutaona jinsi vitu hivyo vinavyoweza kulinda nyumba au ghala. Tutajifunza pia namna ya kuchagua kati ya kengele yenye waya na kengele isiyo na waya.

Kengele yenye waya

Mwaka 1853, Augustus Russell Pope wa Marekani alipewa hati ya uvumbuzi wa kengele ya umeme ya kugundua wezi. Mlango au dirisha lilipofunguliwa, saketi ilikamilika na kengele ikalia. Baadaye Edwin Holmes alinunua haki ya uvumbuzi huo, akaziuza kengele hizo mjini Boston. Sisi pia tunaweza kutengeneza saketi ya namna hiyo.

Jaribio la 1

Vifaa: betri mbili za tochi, balbu ya tochi, waya, kibanio cha nguo cha mbao, karatasi ngumu na uzi.

1. Zungushia waya uliochunwa kwenye kila mdomo wa kibanio, ili waya hizo mbili zigusane kibanio kinapobana.
2. Unganisha kibanio, betri na balbu ziwe saketi moja. Balbu itawaka.
3. Tia karatasi ngumu katikati ya midomo ya kibanio. Balbu itazimika.
4. Funga kibanio imara kwenye fremu ya mlango. Funga karatasi kwa uzi kwenye mlango wenyewe. Sasa fungua mlango. Uzi utavuta karatasi na balbu itawaka. Balbu hiyo ni badala ya kengele.
5. Rudisha karatasi. Kata waya mmoja kwa mkasi, kisha fungua mlango tena. Unaona nini?

Balbu haiwaki. Mwizi mwenye mkasi ameishinda kengele, na mwenye nyumba amelala akidhani kwamba analindwa. Hii ndiyo kasoro kubwa ya saketi hii: ikiharibika, hunyamaza. Nayo ikiwa nzima na mwizi hayupo, hunyamaza vilevile. Mwenye nyumba hawezi kutofautisha kimya cha usalama na kimya cha hatari.

Saketi inayojilinda

Mafundi waliondoa kasoro hiyo kwa kugeuza mpango. Saketi ya mlangoni huwa kamili usiku kucha. Umeme mdogo hupita ndani yake na kuipa nguvu sumaku ya umeme, nayo hushikilia kipande cha chuma. Mlango ukifunguliwa, au waya ukikatwa, au betri ikiisha, sumaku huacha kuvuta. Hapo springi huvuta kile chuma mpaka kikamilishe saketi ya pili, yenye betri yake na kengele yake. Kengele hulia. Basi mwizi anayekata waya huipiga kengele kwa mkono wake mwenyewe.

Wafipa wa zamani waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo zilizoitwa malungu. Walikitumia kutengeneza majembe na silaha. Leo chuma hukesha mlangoni pia, kwa msaada wa sumaku.

Kengele isiyo na waya

Katika kengele hii, kifaa kidogo chenye betri huwekwa mlangoni. Mlango ukifunguliwa, kifaa hutuma mawimbi ya redio kwenye kisanduku kikuu chenye kengele. Hakuna haja ya kutoboa kuta wala kuchimba mtaro. Lakini betri ya kifaa huisha, na mawimbi hupungua yanapopita katika kuta nene za matofali. Tena mabati huyazuia.

Jaribio la 2

Fungua redio ndogo ya betri. Iweke ndani ya kopo kubwa la bati, kisha funika. Je, matangazo yanasikika kama mwanzo? Eleza kwa nini.

Kifaa kizuri kisicho na waya hutuma ishara fupi mara kwa mara, kana kwamba kinasema: "Nipo, ni mzima." Kisanduku kikuu kisipopokea ishara hiyo kwa muda uliowekwa, hutoa taarifa. Fikiri juu ya mlinzi aliyeagizwa kugonga chuma kila saa. Asipogonga, wenye nyumba huamka kumtazama. Kimya chake ni habari.

Namna ya kuchagua

Nyumba ikiwa bado inajengwa, waya hufaa, kwa sababu hufichwa ukutani kabla ya kupiga lipu. Nyumba ikiwa imekwisha kujengwa, kengele isiyo na waya ni rahisi kuifunga. Kwa ghala la mabati lililo mbali, ijaribu kwanza milango yote ikiwa imefungwa. Mawimbi yasipofika, tumia waya uliofukiwa ardhini. Wakati wa mvua, radi huweza kupitisha umeme mkubwa katika waya mrefu; fundi aweke kinga.

Kengele ya namna yoyote inayotumia umeme wa nyumbani iwe na betri ya akiba, maana umeme ukikatika giza humfaa mwizi. Ijaribiwe kila juma. Tena kengele haimkamati mwizi. Huamsha watu tu. Kwa hiyo majirani waijue sauti yake.

Tahadhari: Katika majaribio tumia betri za tochi tu. Usiguse kamwe umeme wa nyumbani, unaweza kuua.

Kumbuka: Kabla ya kununua kengele, uliza swali moja: "Ikiharibika, itanyamaza au itatuambia?"

Maswali

1. Kwa nini kukata waya hakumsaidii mwizi katika saketi inayojilinda?
2. Taja kasoro mbili za kengele isiyo na waya.
3. Chunguza nyumba yenu au ghala lenu. Ungechagua kengele ipi? Toa sababu zako.