Mtetemo wa Nyayo na Msawazo wa Mwili: Dhana na Istilahi

Makala haya yanajadili namna mtetemo unaoelekezwa kwenye nyayo unavyoathiri uwezo wa vijana wenye afya njema kusimama bila kuyumba. Huenda msomaji akajiuliza mada ya matabibu inatafuta nini katika jarida la lugha. Ikumbukwe kwamba mhudumu wa afya anayemweleza ajuza wa Katelembo, Machakos, sababu ya kuanguka kwake hana budi kutumia Kiswahili au Kikamba. Istilahi zikimpungukia, maelezo nayo hupotoka, na gharama yake huenda ikawa nyonga iliyovunjika.

Machakos ni nchi ya vilima na matuta. Ndiko lilikovuma tuta la fanya juu, istilahi ya Kiswahili iliyoingia katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza bila kutafsiriwa. Kijana anayeshuka matuta hayo na mzigo mgongoni huongozwa na macho, sikio la ndani, pamoja na hisi za misuli na nyayo. Hisi za nyayo ndizo husahaulika mno, ilhali wayo una vipokezi vinavyotambua mguso na mtetemo. Vilivyo vyepesi zaidi kunasa mtetemo viliitwa kwa jina la Filippo Pacini, Mwitaliano wa karne ya 19. Huitikia vyema mitetemo ipatayo 250 kwa sekunde.

Mnamo 1998, watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa sehemu ya mbele ya wayo ikitetemeshwa, mwili huegemea nyuma. Kisigino kikitetemeshwa, mwili huegemea mbele. Ubongo hudhani uzito umehamia panapotetema, nao hujaribu kuurudisha. Kwa hivyo mtetemo wenye nguvu ni udanganyifu, wala si tiba.

Hali ni tofauti mtetemo unapokuwa hafifu. Katika utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2003, vijana 15 wa wastani wa miaka 23 na wazee 12 wa wastani wa miaka 73 walisimama wakiwa wamefumba macho, juu ya soli zilizotetema kwa kiwango wasichoweza kukihisi. Makundi yote mawili yaliyumba kidogo zaidi kuliko kawaida, ila nafuu ya wazee ilikuwa kubwa. Mfano wa chekecheo unafaa hapa: unga uliokwama hupita ukitikiswa kidogo, lakini ukitikiswa kwa fujo humwagika nje. Ishara dhaifu ya wayo, ikisukumwa kidogo, huvuka kizingiti na kufika ubongoni. Kijana mzima hakukwama sana tangu hapo, ndiyo maana faida yake ni ndogo. Aidha, kuyumba kidogo kwa dakika chache maabarani si ithibati kwamba mtu hataanguka shambani.

Je, mtembea peku wa Machakos ana wayo mgumu usiohisi? Dhana hiyo imeenea, lakini utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2019, uliowahusisha Wakenya na Wamarekani, uliipinga. Sugu nene ya wanaotembea peku haikupunguza uwezo wao wa kuhisi mtetemo.

Kwa upande wa istilahi, neno *mizani* huelekeza fikira dukani, na *urari* limezoeleka katika hesabu na biashara. *Msawazo* ndilo linalofaa zaidi, kwa kuwa mnyumbuliko wake kutoka *sawa* unaonekana wazi. Utajiri hasa umo katika vitenzi vya kinyume chake. *Kuyumba* ni kwenda huku na huku miguu ikiwa imetulia. *Kupepesuka* ni kukosa mhimili wakati wa kutembea, kama mlevi. *Kuteleza* kosa ni la ardhi. Mhudumu akimwuliza mgonjwa iwapo huyumba au hupepesuka, atapata majibu mawili tofauti, na kila jibu litamwelekeza kwenye uchunguzi wake. Fomu yenye swali moja tu la "kupoteza mizani" huyachanganya yote.