Magadi, Meno na Mkaa wa Mifupa

Huku Moshi na vijiji vya mlimani wengi wetu hutia magadi katika kiburu na maharage ili yaive upesi. Lakini magadi huwa na floraidi. Haionekani kwa macho, wala haina harufu.

Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, huyaharibu. Kwa nini? Jino na mfupa vimejengwa kwa madini ya aina moja, magumu kama jiwe. Yana fosfati na kalisiamu, ile iliyomo katika chokaa. Madini hayo huvuta floraidi na kuishika.

Meno ya ukubwani ya mtoto hujengwa ndani ya ufizi tangu akiwa mchanga mpaka miaka kama minane. Akila floraidi nyingi wakati huo, meno huota na madoa meupe au ya kahawia. Madoa hayo hayatoki kwa mswaki, hata asugue vipi. Kijana huyo si mchafu, na asichekwe. Meno ya mtu mzima yamekwisha komaa. Lakini akipata floraidi nyingi kwa miaka mingi, mifupa yake hukakamaa na kuuma.

Floraidi imo pia katika maji ya mahali pengi, hasa upande wa Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi yote inabaki.

Mfupa hutusaidia hapa. Huko Ngurdoto, Arumeru, kituo cha serikali kimetengeneza mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa ndani ya tanuri lenye hewa kidogo. Mafuta na mabaki ya nyama huungua. Yale madini hubaki, yakiwa na vitundu vidogo vingi. Maji yakipita humo, madini hushika floraidi kama jino linavyoishika. Mkaa ukishashiba, lazima ubadilishwe. Usijaribu kuchoma wako nyumbani. Ukichomwa vibaya, maji hunuka na hayanyweki.

Kwa magadi hakuna haja ya tanuri. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji hayo, kisha uyapike kwa maji mapya. Yataiva bila magadi. Na chakula cha watoto wadogo kisitiwe magadi kabisa, hata kama bibi amezoea.