Serikali ya Rumi ya Kale Ilipokuwa Haina Mfalme

Msomaji wa Matendo ya Mitume akumbuka jinsi jemadari wa Yerusalemu alivyoingiwa na hofu alipojua ya kwamba Paulo, aliyekwisha kufungwa apigwe mijeledi, ni raia wa Rumi. Jemadari alikuwa na askari, naye Paulo alikuwa mfungwa; basi mwenye nguvu aliogopa nini? Aliogopa sheria, nayo haikutoka kwa ukarimu wa wakubwa. Watu wadogo waliishindania muda mrefu, zamani Rumi ilipokuwa haina mfalme wala kaisari.

Vitabu vya Warumi vyasimulia kwamba mfalme wao wa mwisho, Tarquinius, alifukuzwa mwaka 509 kabla ya Kristo. Mahali pake wakachagua wakuu wawili, makonsuli, watawale mwaka mmoja tu, kila mmoja akiweza kumzuia mwenziwe. Palikuwa na baraza la wazee pia, Senati, watu kama 300. Hao hawakutoka kila mwaka; kwa hiyo konsuli mwenye akili hakupenda kuwapinga.

Kwanza ukuu ulishikwa na mapatrisi, yaani watu wa jamaa za kale. Waliobaki wote waliitwa plebe: wakulima, mafundi, wachuuzi, hata matajiri kadha wa kadha. Maskini wao walitaabika kwa deni. Mkulima aliitwa vitani, shamba likalala, akarudi akakopa. Asipoweza kulipa, mwili wake ndio rehani, akafungwa nyumbani mwa mwia wake amtumikie.

Husimuliwa kwamba mwaka 494 askari wa plebe walikataa kupigana. Hawakuchoma nyumba wala kuua mtu. Walitoka mjini, wakapiga kambi mlimani ng'ambo ya mto Anio, wakaketi. Na mji usio na askari wajilindaje? Wakuu wakakubali plebe wawe na watetezi wao, matribuni, kwanza wachache, baadaye 10. Tribuni alikuwa na neno moja lenye nguvu: Nakataza. Konsuli akitaka kumkamata mtu, na tribuni akisimama kati, basi imekwisha. Mlango wa nyumba yake haukufungwa usiku wala mchana, ili mwenye kuonewa aingie. Na plebe waliapa kumwua yeyote atakayemdhuru.

Tangu hapo mambo yalikwenda polepole. Mwaka 450 hivi sheria ziliandikwa juu ya mbao 12, maana sheria iliyo kichwani mwa hakimu tu yaweza kugeuzwa. Mwaka 367 plebe walifunguliwa njia ya ukonsuli. 326 kifungo cha deni kikakomeshwa. 300 sheria ikathibitisha haki ya raia kukata rufani kwa watu, mkuu asimpige wala kumwua kwa amri yake tu. Hapo ndipo mizizi ya kinga ya Paulo.

Lakini tusidhani kwamba maskini walitawala. Makonsuli walichaguliwa katika mkutano uliogawanywa makundi 193 kwa kadiri ya mali, kila kundi kura moja, liwe na watu wengi au wachache. Kwa mpango wa kale, wapanda farasi walikuwa na makundi 18, na daraja la kwanza la matajiri 80. Jumla 98, nayo yapita nusu. Wasio na mali, wengi mno, walitiwa wote katika kundi moja la mwisho. Matajiri wakipatana, kura zilikoma kabla maskini hawajaitwa. Wanawake hawakupiga kura kabisa, wala watumwa.

Tena plebe matajiri, walipokwisha kuupata ukonsuli, walioana na mapatrisi wakawa kundi moja la wakubwa. Mwaka 133 tribuni Tiberius Gracchus, mwana wa wakubwa hao hao, alitaka mashamba ya serikali yaliyoshikwa na matajiri kupita kiasi yagawiwe maskini. Maseneta na wafuasi wao wakamwendea na marungu na miguu ya viti vilivyovunjika, wakamwua yeye na watu kama 300. Maiti zao zikatupwa mtoni Tiber. Sheria yake hawakuifuta. Wagawaji waliendelea na kazi, na mawe ya mipaka yenye majina yao yameonekana katika mashamba ya Italia.