Maji Meusi ya Jaa

Likizo iliyopita nilikwenda kumwamkia shangazi yangu, ambaye nyumba yake iko bondeni, chini ya jaa la takataka la mji. Usiku wa pili mvua ilinyesha hata alfajiri. Asubuhi nikaona kijito cheusi kama kahawa kikishuka kutoka jaani na kupita hatua chache tu kutoka kisima chake. Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, wewe usomaye sayansi, nikiyachemsha maji ya kisima si yatafaa?" Sikuwa na jibu. Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wetu wa kemia.

Maji hayo meusi hutoka wapi? Takataka zenyewe zina unyevu, lakini mengi ni ya mvua. Msomaji na afanye hesabu: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi jaa la hekta 1, mahali panaponyesha milimita 1,000 kwa mwaka, hupokea lita 10,000,000. Mengine hukaushwa na jua, mengine hutiririka juu juu, na yaliyobaki hupenya takataka polepole, yakichukua kila liyeyukalo: asidi za vyakula vilivyooza, amonia, chumvi, hata risasi ya betri zilizotupwa.

Tulifanya jaribio. Tulijaza maganda ya ndizi na mabaki ya ugali katika debe lililotobolewa chini, tukalimwagia maji kidogo kila siku. Baada ya siku kumi tulipata karai la maji yenye uvundo hata wenzetu wa bweni la jirani wakanung'unika. Karatasi ya litmasi ya buluu iligeuka nyekundu, ndiyo dalili ya asidi. Nusu ya maji tukayachuja kwa kitambaa na mchanga. Yalitakata kidogo, nasi tukafurahi, lakini litmasi iligeuka nyekundu vilevile, maana kilichokwisha kuyeyuka hakizuiwi na kitambaa. Kuchemsha nako huua vijidudu vya maradhi, lakini risasi na chumvi hubaki sufuriani, tena maji yakipungua kwa mvuke huzidi kukolea.

Nusu ya pili tuliitia tope la bwawani, tukawa tukiyamimina maji karai kwa karai asubuhi na jioni ili yapate hewa. Wiki ya tatu uvundo ulikuwa umekwisha, na litmasi haikugeuka. Kazi hiyo ilifanywa na bakteria wa tope, waliozila zile asidi. Hata hivyo mwalimu alituonya tusithubutu kuonja.

Majaa yaliyojengwa vizuri hufuata njia iyo hiyo. Chini hutandikwa udongo wa mfinyanzi na plastiki nene, na juu yake mabomba yenye matundu hukusanya maji na kuyapeleka mabwawani. Katika bwawa la kwanza, lenye kina, hufanya kazi bakteria wasiohitaji hewa. Katika la pili mashine huvuruga maji yapate hewa, na bakteria wengine hugeuza amonia kuwa naitreti. Kisha, mahali pasipo hewa, wengine tena huigeuza naitreti kuwa naitrojeni, ile ile iliyo sehemu 78 katika kila 100 za hewa tuvutayo. Mwishoni maji hupitishwa polepole katika matete. Risasi hailiwi na yeyote. Hutiwa chokaa ili itulie chini, na tope lake hapana budi litunzwe mbali na watu.

Lililonishangaza zaidi ni umri wa jaa. Maji ya jaa changa yaweza kuhitaji zaidi ya miligramu 10,000 za oksijeni kwa lita ili bakteria wamalize uchafu wake. Maji machafu ya majumbani kwa kawaida huhitaji kama 200 au 300. Jaa likizeeka chakula cha bakteria hupungua, lakini amonia huendelea kutoka kwa miongo mingi. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walipokwenda Mahakama Kuu, mwaka 1988 ilitolewa amri ya kukomesha utupaji wa taka kwao. Amri ya namna hiyo huzuia magari, mvua haizuiliki.

Nilimwandikia shangazi asiyanywe maji ya kisima, hata yakichemshwa, mpaka yapimwe. Alijibu kwamba chupa moja imekwisha pelekwa maabara, na kwamba kwa sasa ananunua maji ya bomba kwa ndoo, ingawa kisima kiko mlangoni pake.