Ndege Hana Ghala, Wewe Una Baba

Somo la wiki kwa vikundi vya ushirika wa nyumbani
Maandiko: Mathayo 6:25–34, Luka 12:6–7, Yakobo 2:15–16



Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome Mathayo 6:25–34 polepole, ikiwezekana kwa sauti. Ni maandiko ambayo wengi wetu tunayajua kwa kichwa. Tumeyasikia kwenye harusi, kwenye matanga, na kila mara mtu akiachishwa kazi. Na kwa sababu tunayajua sana, kuna jambo tunaliruka. Yesu hakuwaambia wanafunzi wake wasiwe na wasiwasi kisha akanyamaza. Aliwapa kazi ya kufanya. Aliwaambia watazame ndege, halafu wajifunze kutoka kwa maua. Kwenye maua, neno la Kigiriki alilotumia Mathayo ni neno la mwanafunzi aliye darasani: kuchunguza kitu kwa makini mpaka kikuingie.

Hiyo ni amri, na amri hutiiwa kwa vitendo. Wengi wetu tumehubiriwa juu ya ndege hao miaka mingi bila kumtazama hata mmoja kwa dakika tano. Ndiyo maana Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, mvua ndefu zikielekea kuisha, watu 14 kutoka vikundi viwili vya nyumbani tulienda Msitu wa Karura. Tuliingia asubuhi na mapema kwa lango la upande wa Barabara ya Limuru, tukiwa na Biblia, darubini moja ya kuazima na chupa za chai. Dada mmoja kati yetu anafahamu ndege vizuri, naye ndiye aliyetuongoza. Haya ndiyo tuliyojifunza.

1. Ndege anafanya kazi

Jambo la kwanza tuliloona ni kwamba hakuna ndege aliyekuwa amekaa akingoja kuletewa. Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, alikuwa anatoka ua hili kwenda lile akinyonya utamu, bila kupumzika. Kwera dume alikuwa anasuka kiota, ujani mmoja baada ya mwingine. Dada yetu alituambia kwamba kwa aina nyingi za kwera, dume husuka kwanza, kisha jike huja kukagua. Jike asiporidhika, dume huanza upya. Wanaume waliokuwa pale walicheka, lakini somo liliwaingia.

Kuna korongo mweupe pia, ambaye kufikia Mei ameshaondoka kwetu. Kila mwaka korongo hawa hupita kwa mamia ya maelfu juu ya nchi ya Israeli, na wengine hufika hadi Afrika Mashariki kula na kungoja majira yageuke. Watu waliomsikiliza Yesu kule Galilaya waliwajua ndege wa namna hiyo. Nabii Yeremia alikuwa ameshamtaja korongo kuwa anayajua majira yake (Yeremia 8:7). Korongo husafiri maelfu ya kilomita kutafuta chakula. Mungu humlisha, lakini hamletei kiotani.

Kwa hivyo mtu asitumie Mathayo 6 kukataa kutafuta kazi, au kukataa kuweka akiba. Yusufu aliweka nafaka miaka saba na Mungu akawa ndiye aliyemwonyesha (Mwanzo 41). Mimi nilisomea biashara, na bado naamini katika bajeti. Lakini angalia tofauti iliyopo kati ya mpango na wasiwasi. Bajeti ina mstari wa mwisho. Unajumlisha, unatoa, unapata jibu, hata kama jibu ni baya, kisha unafunga kitabu. Wasiwasi hauna mstari wa mwisho. Unapiga hesabu ileile ya karo na kodi ya nyumba saa nane usiku, saa tisa, saa kumi, na kila mara jibu ni lilelile. Ndege hutafuta mchana kutwa, lakini jua likizama, analala. Hakuna ndege tuliyemwona akitafuta chakula cha mwezi ujao.

Tena soma mstari wa 26 kwa makini. Yesu hakusema kwamba Baba wa ndege huwalisha. Alisema anayewalisha ni Baba yenu. Ndege wana Muumba. Wewe una Muumba ambaye pia ni Baba.

2. Ua la nusu siku

Kando ya njia tulikuta ua dogo la buluu. Wale waliokulia Kiambu na Murang'a walilitambua mara moja: mukengeria. Wakulima huling'oa shambani kama gugu, na wengine huwakatia sungura. Hakuna anayelipanda wala anayelinunua. Tuliinama mmoja mmoja tukaliangalia kwa karibu. Rangi yake ni safi kuliko kitenge chochote cha dukani. Na ua hilo huchanua asubuhi tu. Jua likipanda hadi adhuhuri, limeshanyauka. Kesho yake mmea huo huo unafungua lingine.

Hapo ndipo nilipoelewa vizuri zaidi mfano wa Bwana. Maua ya porini kule Galilaya huchanua baada ya mvua, kisha jua hukausha kila kitu, na majani makavu yalikuwa kuni za tanuru la mkate. Yesu alijua hayo. Hakuchagua ua kwa sababu linadumu. Alichagua kitu cha siku moja, halafu akasema hata Sulemani na utajiri wake hakuwahi kuvaa hivyo. Mungu hutumia rangi hiyo yote kwa gugu la nusu siku. Sasa wewe, uliyeumbwa uishi milele, utasahaulika?

Akina mama na vijana, hili linatugusa. Kuna watu wanaokosa ibada kwa sababu ya nguo. Kuna wanaochukua mkopo wa simu ili watoto waonekane vizuri kwenye harusi ya jirani. Mpendwa, njoo ulivyo. Anayevika mukengeria hakuangalii lebo ya shati.

3. Na ndege anayeanguka?

Tukiwa karibu kurudi, mtoto mmoja aliona kinda la ndege limekufa chini ya mti. Ndugu mmoja, ambaye kampuni aliyofanyia kazi miaka mingi ilikuwa imempa barua miezi mitatu kabla, alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza mbele ya wote, "Mchungaji, na huyu, Mungu alimlisha?"

Wapendwa, swali hilo si la kukemewa. Ni swali la mtu aliyefuata amri: aliambiwa atazame, akatazama. Na anayetazama msituni haoni tu ndege wanaoimba.

Tulifungua Luka 12:6–7. Shomoro watano waliuzwa kwa sarafu mbili ndogo. Ukilinganisha na Mathayo 10:29, ambapo wawili ni kwa sarafu moja, unaona kwamba yule wa tano alikuwa wa nyongeza. Alitupiwa mnunuzi bure, kama mama wa soko anavyokuongezea nyanya moja. Bei yake ni sifuri. Na Yesu anasema hata huyo hasahauliki mbele za Mungu. Bwana wetu hakuahidi kwamba shomoro hawaanguki. Alisema hakuna anayeanguka bila Baba. Aliyesema hivyo alikuwa yeye mwenyewe anaelekea msalabani.

Kwa hivyo tusimwambie mtu aliyepoteza kazi kwamba shida yake ni kukosa imani. Ayubu alipoteza kila kitu akiwa na imani. Ahadi ya Mathayo 6 ni kwamba Baba anajua tunachohitaji, na kwamba tukiutafuta kwanza ufalme wake hatutaachwa. Lakini Baba hutimizaje ahadi hiyo? Jibu tulilipata kwa ndege wa mwisho.

4. Mdomo wa hondohondo

Hondohondo alipita juu yetu, mabawa yakivuma, akatua kwenye mti mkubwa. Dada yetu akatueleza jinsi ndege huyu anavyolea. Jike huingia ndani ya shimo la mti na mlango huzibwa mpaka ubaki ufa mwembamba. Humo hutaga na kuatamia. Kwa wiki nyingi hawezi kutoka wala kujitafutia. Dume huleta chakula na kukipitisha kwenye ule ufa, mdomo kwa mdomo, siku baada ya siku. Dume asipokuja, aliye ndani yuko hatarini.

Ukiuliza kama Mungu anamlisha hondohondo jike, jibu ni ndiyo. Anamlisha kwa mdomo wa mwenzake.

Hata msitu wenyewe ulitufundisha hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Karura ilikuwa inagawanywa ijengwe majumba. Profesa Wangari Maathai na wenzake walisimama kuilinda, na Januari 1999 alipigwa na kujeruhiwa pale alipokwenda kupanda mti. Ndege tuliowaona wanakula leo kwenye meza iliyolindwa na watu.

Katika kanisa letu kuna watu ambao wakati huu mlango umezibwa. Mmoja anauguza mama hospitalini. Mwingine ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo. Mwingine hana kazi na anaona haya kusema. Hawawezi kutoka kujitafutia kwa sasa. Yakobo anasema wazi: ukimwambia mtu aende kwa amani, apate joto na kushiba, na usimpe kitu, maneno hayo yanafaa nini? Kumwambia tu kwamba Mungu atatoa, huku mdomo wako una tunda, si imani.

Wiki ile ile kikundi cha nyumbani cha ndugu yetu kilikaa. Hakikutangaza popote. Waligawana kodi ya nyumba yake ya miezi miwili, na mmoja akachukua nakala za vyeti vyake azipeleke mahali anapofahamika. Mpaka ninapoandika bado hajapata kazi. Lakini aliniambia kwamba sasa usiku analala.

Zoezi la wiki

Tafuta dakika kumi asubuhi, hata kama ni kwenye ua wa ploti au kituo cha matatu. Mtazame ndege mmoja, au ua moja lililoota lenyewe. Usipige picha. Tazama tu, kisha umwambie Baba hitaji lako moja kwa jina.

Maswali ya kujadili

1. Ni jambo gani umelipigia hesabu usiku mara nyingi bila kupata jibu jipya? Je, huo ni mpango au ni wasiwasi?
2. Yule shomoro wa tano anakufundisha nini kuhusu mtu asiyethaminiwa mtaani kwako?
3. Ni nani katika kikundi chenu aliyezibiwa mlango kwa sasa? Mtamfikishia nini, nani atakipeleka, na siku gani?

Maombi

Ombeni kwa ajili ya waliopoteza kazi na wanaotafuta karo. Ombeni Bwana atupe usingizi wa watoto walio na Baba. Na kila mmoja aombe awe mdomo ambao Mungu anautumia kumlisha mwingine kabla ya Jumapili. Amina.