Maombi na Mkate wa Tini

Maandiko ya kusoma: 2 Wafalme 20:1–7, 2 Wakorintho 1:3–4, 2 Timotheo 4:20
Andiko la kukariri: 2 Wakorintho 4:16



Somo la wiki hii nalianza na swali nililoulizwa na kijana wa Kidato cha Tatu, mlinda lango wa timu yetu ya vijana. Alikuwa ameketi kitandani, nywele zote zimemtoka. Akaniuliza, "Pasta, kwani mimi nilikosa imani?"

Nitarudi kwake. Kwanza sikiza habari ya kijana mwingine wa mbali.

1. Ugonjwa haungoji msimu uishe

Anthony Rizzo alisoma shule ya upili ya Marjory Stoneman Douglas, mjini Parkland, jimbo la Florida, Marekani. Alikuwa mchezaji wa besiboli. Wengi wetu mchezo huo hatuujui, lakini kama ulicheza rounders shule ya msingi, hauko mbali nao: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo halafu anakimbia vituo. Mwaka wa 2007, alipomaliza shule, klabu ya Boston Red Sox ilimchagua. Alikuwa na miaka 17.

Msimu wa 2008 alipelekwa timu ya chipukizi mjini Greenville, South Carolina. Huko mpigaji akifaulu mara tatu kati ya kumi, watu husema huyo anajua kazi. Katika mechi 21 za kwanza, Rizzo alikuwa anakaribia mara nne. Kijana anang'aa, njia imefunguka.

Kisha madaktari wakamwambia ana saratani ya Hodgkin, ile inayoshika tezi za limfu. Miaka 18! Msimu ukakatikia hapo. Na wakati huo huo nyanya yake alikuwa anapigana na saratani ya matiti. Nyumba moja, vita viwili.

Mpendwa, kuna mtu anasoma hapa ambaye barua ya kazi ilifika wiki moja na majibu ya maabara. Usidhani Mungu alikuwa amelala. Hezekia naye alikuwa mfalme mwema, aliyeutegemea mkono wa Bwana, na bado aliugua karibu kufa.

2. Mungu alisema ndiyo, na tini zikawekwa

Fungua 2 Wafalme 20. Hezekia anageuka ukutani, analia, anaomba. Isaya hajafika mbali, Bwana anamrudisha: maombi yamesikiwa, machozi yameonekana, siku ya tatu mfalme atapanda hekaluni, na miaka 15 inaongezwa. Hapo wengi wetu tunafunga Biblia na kupiga makofi. Soma mstari wa 7. Nabii yule yule aliyeleta neno la uponyaji anaagiza mkate wa tini uletwe, ubandikwe juu ya jipu. Ndipo mfalme anapona.

Je, Isaya alipungukiwa imani? Hata. Tini ni za Mungu, kama vile neno ni la Mungu.

Rizzo alitibiwa kwa kemo miezi kadhaa. Wacha niseme kemo ni nini, maana tunaiogopa kwa kusikia tu. Ni dawa inayoua seli zinazozaana kwa kasi, kwa sababu ndivyo saratani inavyokua. Lakini seli za nywele, za tumbo na za damu nazo huzaana kwa kasi. Ndiyo maana mgonjwa hupoteza nywele, hutapika, na mwili hukosa nguvu za kuzuia maradhi mengine. Dawa hupewa kwa awamu, mwili unapumzika, halafu inarudiwa. Ukiruka tarehe, saratani haipumziki na wewe. Na hii ya Hodgkin ni moja ya saratani zinazotibika vizuri ikigunduliwa mapema.

Mwisho wa mwaka ule wa 2008, Rizzo aliambiwa anaweza kuishi maisha ya kawaida.

3. Aliyefarijiwa ndiye hufariji

Katika klabu ile kulikuwa na mrushaji mpira, Jon Lester. Mwaka wa 2006 yeye pia alipatikana na saratani ya limfu, ya aina nyingine. Akatibiwa, akarudi, na Oktoba 2007 ndiye aliyerusha katika mechi iliyowapa Boston ubingwa. Rizzo alipougua, alikutanishwa na Lester. Mwezi wa Mei 2008, Rizzo akiwa bado mwanzoni mwa safari yake, Lester alicheza mechi nzima bila mpinzani hata mmoja kumpiga mpira salama.

Fikiria mgonjwa akimwona mtu aliyetoka kwenye kitanda kile kile akisimama vile! Paulo anatuambia katika 2 Wakorintho 1 kwamba faraja tunayopewa ni ya kugawa. Kwa hivyo wewe uliyevuka kansa, kifua kikuu au kuharibikiwa na mimba, ushuhuda wako usiishie Jumapili moja kwenye kipaza sauti. Kuna mtu anangoja uketi naye.

4. Kupona si mwisho wa vita

Mwaka wa 2011 Rizzo alifika ligi kuu, akiwa San Diego. Unadhani alitesa? Alifaulu chini ya mara mbili kati ya kumi. Mtu ameshinda saratani, halafu anashindwa kupiga mpira! Lakini hakuacha. Alihamia Chicago Cubs, na mwaka wa 2012 akaanzisha wakfu wa kusaidia familia za watoto wenye saratani. Lester naye alijiunga na Cubs baadaye. Mwaka wa 2016 klabu hiyo ilichukua ubingwa ambao haikuwa imeupata tangu 1908, na mpira wa mwisho uliingia kwenye glavu ya Rizzo.

Sisemi kila mgonjwa atapewa kombe. Paulo, ambaye leso zake ziliponya watu, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Hakumwita mtu asiye na imani. Alimtaja kwa jina, kama ndugu.

5. Kosa langu

Sasa nirudi kwa mlinda lango wetu. Alikuja madhabahuni na uvimbe shingoni. Nikamwekea mikono na kutangaza amepona. Mama yake aliponiambia wana tarehe ya kliniki, nilimjibu, "Mama, usiukiri ugonjwa." Wakaruka tarehe mbili. Aliyeniamsha ni nyanya yake. Alikuja nyumbani kwangu jioni, akasema polepole, "Mtumishi, maombi yako siyakatai. Lakini uvimbe unakua."

Walirudi hospitalini. Matibabu yalianza, kwa kuchelewa, na kuchelewa huko mimi nilichangia. Kijana alipouliza kama alikosa imani, nilimjibu mbele ya mama yake: "La, mwanangu. Wewe uliamini. Mimi ndiye niliyeficha tini." Nikawaomba msamaha.

Bado anaendelea na kemo. Naamini Mungu anaponya, na hilo sitalipunguza hata kidogo. Kila awamu tunamwekea mikono, halafu mmoja wetu anampeleka kliniki. Yote mawili.

Kwa vikundi vya nyumbani

1. Kwa nini Mungu aliagiza tini baada ya kuahidi uponyaji?
2. Je, tumewahi kumwongezea mgonjwa aibu kwa maneno yetu ya imani?
3. Nani katika kikundi chetu ana tarehe ya hospitali mwezi huu, na nani atamsindikiza?

Hatua ya wiki: Ukiwa na uvimbe usiouma shingoni, kwapani au kinenani, homa isiyoisha, jasho jingi la usiku au mwili unaokonda bila sababu, uombewe, na uende ukapimwe wiki hii.

Ombi: Baba, tusamehe tulipowabebesha wagonjwa mzigo usiotoka kwako. Gusa walio vitandani. Uongoze mikono ya madaktari. Tupe moyo wa kusimama nao mpaka mwisho. Katika jina la Yesu. Amina.